Telefoni Juu ya Kiti Chako

Kolwezi, Manika

Kwa kaka yangu mkubwa, yaya Fidèle,
kule Dilolo, karibu na gare ya treni

Yaya,

Ninakusalimu kwa jina la Yesu, wewe na mulamu Rosalie, mke wako, na nyumba yote. Mnaamkaje huko? Goti lako linasema nini na hii baridi ya mvua? Na mulamu, ile sukari ya damu imeshuka, ao bado anakunywa soda kwa kujificha nyuma ya duka? Mwambie mi niko mbali lakini naona. Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Nilikuwa na kikohozi cha vumbi la malori, lakini mvua imelilaza lile vumbi na kifua kimefunguka. Binti yangu Clarisse anaendelea kufundisha watoto wake wa shule ya chekechea, anarudi nyumbani amejaa chaki hadi masikioni. Umeme unakuja na kuondoka sawa mgeni asiyejua kuaga.

Utashangaa kuona karatasi. Yaya, tangu ule mchana wa kikao cha posa ninakupigia bila kuchoka, na kila mara anajibu yule mama wa ndani ya telefoni, kwa Kifaransa chake kizuri, kwamba hupatikani. Nimemzoea sasa, namwambia "aksanti mama" kabla ya kukata. Kisha nikakutana sokoni na dereva wa lori aliyetoka huko kwenu, akanieleza kwamba antena yenu ilipigwa na radi na hakuna anayejua lini wataitengeneza. Anarudi Dilolo kesho asubuhi na mzigo wa unga, kwa njia ya msituni inayozunguka daraja lililovunjika, ambayo goti lako lisingeiweza. Amekubali kubeba barua hii ndani ya kofia yake. Basi nakuandikia kwa mkono, sawa tulivyokuwa tunamwandikia baba. Unisamehe makosa, shule yangu unajua iliishia wapi.

Shida ni moja tu. Wewe hujui kilichotokea huku baada ya rezo ya telefoni kukatika. Na sisi hatujui ulitaka kusema nini. Clarisse hawezi kuolewa, wala posa yake haiwezi kukataliwa, mpaka tujue.

Nianze kwa huyu kijana, maana wewe ulimwona ku picha tu. Trésor anatengeneza telefoni pale sokoni, na mu korali ya kanisa lao anaimba ile sauti ya chini kabisa. Korali za huku zina grupu moja ku telefoni. Kila mtu anaimba sehemu yake nyumbani kwake, anaituma, wengine wanajifunzia juu yake. Clarisse alisikia sauti ya Trésor muda mrefu kabla ya kumwona. Alikuwa anatwanga majani ya sombe, ile telefoni ameisimamisha juu ya ndoo, sauti ya mwanaume inatoka ndani ya ndoo sawa simba, naye anaimba juu yake. Mi nilifikiri ni mzee fulani mwenye tumbo na wajukuu. Siku korali zilipokutana, akasimama kijana mwembamba wa kuhurumia, shati linamcheza, akafungua kinywa, na Clarisse akaangusha kitabu cha nyimbo. Pale pale nilijua nitahitaji kitenge kipya.

Kwa hiyo mi siwezi kusema telefoni ni kitu cha shetani. Mama mmoja wa kanisa letu anasema hivyo kila asubuhi, na anatutumia hayo maneno kwa telefoni. Lakini si malaika pia. Kuna mtumishi fulani anaombea watu ndani ya video, anasema weka mkono juu ya kioo upokee uponyaji. Nikaweka, kwa sababu ya kile kikohozi, nikafunga macho, nikaomba kwa nguvu. Kufungua macho, kidole changu kilikuwa kimeshafungua kitu kingine, naombea wigi za kuuzwa. Clarisse alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo naomba kwa Mungu moja kwa moja, bila kununua mega za intaneti. Michezo ya kuigiza, hiyo naipenda, sikufichi, zaidi ile ya Wahindi. Wanalia vizuri, na Kifaransa walichowawekea kinafika baada ya midomo kufunga. Kila jioni umeme ukiwepo majirani wanaleta vigoda, tunabishana mama-mkwe gani ni mubaya zaidi.

Kinachonichosha ni lile grupu letu la familia. Ukitoa habari ya mgonjwa, kimya. Ukiuliza nani atakwenda kulimia kaburi la mama, kimya. Lakini siku nilipoandika kwamba Clarisse ameposwa na Trésor, mtoto wa Tata Mukendi, binamu yetu Célestin, ambaye sikujua kama bado anaishi, akaamka. "KASAI?" akaandika, kwa herufi kubwa. Kisha akatupa mle video ya mtu mwenye miwani nyeusi anapiga kelele ndani ya gari, anasema wa huku wakae na wa huku, na wa Kasai warudi kwao. Warudi wapi, yaya? Tata Mukendi amezaliwa hapa hapa, ku nyumba za wafanyakazi wa mgodi, baba yake aliletwa na treni akiwa kijana. Wengine wakaongeza vidole vya kusifu, wengine wakaondoka ndani ya grupu, wengine wakatuma mstari wa Biblia usiohusika. Na wewe, mkubwa wetu, tuliyekungoja, ukaandika neno moja tu: "Tutaona."

Hilo neno limenikaa sawa mfupa wa samaki. Ulipotutumia sauti kwamba maji yamechukua daraja na huwezi kufika ku kikao, nilijiuliza kama ni daraja kweli, ao ni "tutaona." Unisamehe. Kisha ukakubali kukaa na sisi kwa video, nikapumua.

Sasa nikuelezee yale usiyoweza kuona, maana wewe ulituona kwa mbele tu.

Niliweka kile kiti cha baba, chenye mikono, ukutani ambapo mjomba hukaa. Nikakitandika kitenge. Trésor akaweka telefoni yake juu, akaitegemeza na Biblia yangu isianguke. Clarisse alikuwa nyuma ya pazia la chumba, vidole vyake tu vinaonekana. Tata Mukendi aliingia na kofia mkononi, ameshika kamba ya mbuzi, akaja moja kwa moja akainamia kiti chako na kukusalimu kwa mikono miwili. Uliona paji la uso tu, ndiyo maana ulicheka. Lakini mi niliona mtu wa Kasai, ambaye kwao mjomba si mwenye neno kama kwetu, amejifunza desturi yetu ya Dilolo vizuri: kwamba baba mdogo anapokea maneno, lakini kamba ya mbuzi haiachiliwi mpaka mjomba wa msichana aseme.

Shemeji Léon, mdogo wa marehemu mume wangu, akaongea kwa upande wetu. Wewe ukaongea. Uliongea vizuri, yaya, juu ya mama, juu ya njia ndefu. Kisha ukakaza uso, ukasema: "Sasa mi Fidèle, mujomba wa huyu mutoto, nasema hivi..." Ukanyanyua mkono.

Na ukabaki vile.

"Eko anafikiri," Tata Mukendi alisema, kwa sauti ya chini.

Tukangoja. Mtu mkubwa akifikiri haamshwi. Sauti yako ilikuwa inatoka vipande vipande, "kra, kra", sawa kifaranga ndani ya yai.

"Anafikiri sana," mama Ngalula akasema. Huyo ni dada ya Tata Mukendi, mama mmoja mnene wa kuchekesha, anauza nguo sokoni. "Ata nzi inatembea ku uso yake, hapepese macho."

"Ile nzi ni ya huku, mama," shemeji Léon akamjibu. "Iko inatembea juu ya kioo."

Trésor akainuka kule pembeni. "Bazee, ni rezo. Munipe nikate, nimuite tena. Ni kidogo tu."

Yaya, hapo ndipo tulipokosea sisi wote. Tata Mukendi alimgeukia mtoto wake sawa amemtukana mtu. "Ukate? Unakata muntu mukubwa akiwa na neno mu kinywa? Njo vile nilikulea?"

"Tata, haiko yeye, ni picha..."

"Kaa chini!"

Nikamwangalia shemeji Léon atusaidie, yeye ana telefoni tangu zamani. Akakohoa, akanyoosha koti. "Kwetu," akasema, "mujomba hakatwe." Na mi pia, sikufichi, nilitikisa kichwa kukubali. Niliona aibu kukufungia mlango usoni mbele ya wakwe.

Basi tukakaa, sisi wote na heshima zetu, tunakuangalia na mkono juu. Mwishowe mama Ngalula akasema kule ku kilima cha mawe ya mgodi rezo inashika vizuri. "Tumupandishe."

"Mutamuhamisha mujomba namna gani?" shemeji Léon akauliza.

"Na kiti yake!"

Yaya, ungetuona. Vijana wawili wamebeba kiti, wewe juu yake, mkono umenyanyuka. Mi nyuma na mwavuli juu yako. Tata Mukendi na mbuzi. Mama Ngalula anapunga kitambaa mbele, anafukuza motari na pikipiki zao: "Pisheni, mukwe anapita!" Na watu wa avenyi, wa mtaa wetu wote, wanapisha kweli, wengine wanavua kofia, mzee mmoja akauliza, "Mulimupoteza lini?" Clarisse akatoka nyuma ya pazia, desturi au hapana, akatufuata na viatu mkononi.

Tukafika juu. Kule unaona mpaka mashimo ya mgodi wa Mashamba, malori madogo sawa sisimizi. Tata Mukendi akapumzika, akaangalia yale mashimo ambako alitumikia maisha yake yote, akaangalia telefoni. "Banasema mu telefoni zote za dunia muko jiwe ya huku," akasema. "Basi rezo yetu, banaipeleka wapi?" Watu wakacheka, hata mbuzi akalia. Nami nikafikiri ya kwamba kama Mungu alituwekea lile jiwe chini ya miguu, siku moja atawakumbusha wakubwa watuwekee na antena isiyokufa kwa mvua moja. Naamini itakuja.

"Kra," ukasema wewe. Tukainama sote. Na kioo kikawa cheusi. Betri imekwisha.

Hatukuwa na umeme mpaka jioni. Umeme ulipokuja, Dilolo ilikuwa haipatikani tena.

Pale kilimani Clarisse alivaa viatu vyake polepole, akafunga na kamba zake mara mbili. Kisha mvua ikatushukia, tukakimbia na kiti chako kichwani. Ndani ya nyumba chakula kilikuwa tayari, bukari ya unga na samaki na kuku, lakini wewe unajua, chakula cha ukwe hakiliwi kabla ya neno la mjomba. Tukakaa tumelowa, tunasikia harufu. Watoto wananitazama. Mama Ngalula akavumilia, akavumilia, mwishoni akapiga mapaja yake. "Sikieni. Mvua imetukuta ku nyumba ya jirani. Jirani akikutwa na mvua unamulisha, hapana? Leo tukule kama bajirani. Ukwe tutakula siku ingine!" Shemeji Léon akafikiri juu ya hiyo sheria, akaona haina kosa, akanawa mikono. Tulikula yaya, tukala na furaha, mpaka Tata Mukendi akatoa wimbo, na Trésor akashika ile sauti yake ya chini, na kutoka jikoni nikasikia Clarisse anaitikia bila kujua kama anaitikia.

Ilibaki shida ya mbuzi. Kurudi naye nyumbani ni kurudisha posa. Kumuingiza kwetu ni kupokea kabla ya neno. Walibishana, mwisho wakamfunga langoni, kamba ku nguzo, miguu ya mbele ndani, ya nyuma barabarani. Bado yuko. Watoto wa avenyi wamempa jina Rezo. Kwa kuwa bado ni mali ya Tata Mukendi, ni yeye mwenye kumlisha, kwa hiyo kila asubuhi anakuja na majani ya viazi, anasimama nje ya lango, mi nafagia ndani ya lango, tunaongea.

Asubuhi moja nilimuuliza bila kuzunguka. Nikamwambia, tata, mu grupu letu kuna waliosema maneno mabaya juu yenu. Akasema, "Najua, mama. Mu grupu yetu pia walisema juu yenu." Akampa mbuzi jani. Kisha akanieleza miaka ile mibaya watu wa Kasai walipofukuzwa huku, familia yake ilipokaa ku gare na masanduku, wanangoja treni ya kuwaondoa katika mji waliozaliwa. Kuna mama mmoja, wa kwenu kule Dilolo kwa sauti yake, alikuwa anakuja kila asubuhi na dumu la maji, anapita katikati ya watu wanaowatukana, anamimina kwa kila mtoto, anaondoka bila kusema jina. "Mi nilirudi huku sababu ya kazi," akaniambia. "Lakini nilikaa sababu ya yale maji. Trésor aliponiambia msichana ni wa Dilolo, mi sikuuliza ingine."

Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Yaya, mi sikuandikii ili nikulazimishe. Wewe ni mjomba, neno ni lako, na mbele ya Mungu nitalikubali. Trésor alikuwa ametoa picha ya kile kioo kabla hakijazima, na ule mkono wako sasa umekuwa somo la mtaa mzima. Yeye anasema ni mkono wa kubariki. Clarisse anasema mjomba hunyanyua vile akifukuza kuku. Mama Ngalula alisema, "Angalia nyusi, huyu amekasirika," nikamwambia uko vile tangu kuzaliwa. Mi nakumbuka ukinyanyua mkono hivyo kanisani kabla ya kuanza sala, watu wanyamaze. Lakini ni mi ninayetaka iwe hivyo. Clarisse anaikuza ile picha na vidole, anaikuza mpaka mkono wako unajaza kioo chote na hauonyeshi tena kitu. Haulizi. Anaimba kidogo tu siku hizi.

Ikiwa ulisema ndiyo, liandike kwa mkono wako na utie sahihi, Tata Mukendi ameniambia karatasi anaipokea sawa sauti. Ikiwa ulisema hapana, andika pia, na uandike kwa sababu gani. Lakini kwanza ufikirie yule mama wa maji. Na ikiwa ulitaka tu kusema "ngojeni nifike," basi sema, tutangoja, daraja halitakosa kutengenezwa, na mbuzi ananenepa.

Wasalimie wote: mulamu Rosalie, na ile soda aiache, mkamwana wako aliyejifungua, mtoto anafanana na nani?; shangazi yetu wa upande wa mto, mwambie kitenge chake nimekiona na nitakileta; mzee shemasi aliyetufundisha kusoma, kama bado anakumbuka majina yetu; na hata Célestin, akipita kwako mpe kiti akae, pengine ana kwa ana atakuwa mtu mwingine.

Kiti chako hatujakitoa mahali pake. Pasta alikuja juzi akataka kukikalia, Clarisse akamvutia kingine haraka. Kitenge bado kimetandikwa, na kila anayepita na ndoo au mfagio anapinda kidogo, anasema "pardoni, mujomba," kisha anaendelea.

Dereva atalala Dilolo siku chache kabla ya kurudi huku. Mpe karatasi yako mkononi. Jibu upesi, yaya.

Mi mdogo wako,
Adèle